Kompyuta Niliyoiunda Mwenyewe Inavuma: Je, Ninunue Kadi ya Sauti?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tanga, na jioni huwa narekodi kaswida za wanafunzi wangu. Mwaka jana nilijiundia kompyuta ya mezani kwa kununua kifaa kimoja kimoja: ubao mama wa B450, kichakataji cha Ryzen 5 3600 na kadi ya michoro ya GTX 1650. Kasha nilipewa na shemeji yangu, ni la zamani na lina pawa saplai yake ndani. Natumia Windows 11. Jeki ya hedifoni iliyo mbele ya kasha haitoi sauti kabisa. Waya wake una vichwa viwili, kimoja kimeandikwa AC'97 na kingine HD AUDIO, nami nilichomeka cha kwanza kwa sababu ndicho kilichofika vizuri. Jeki ya nyuma inatoa sauti, lakini nikiiunga na amplifaya ya sebuleni, ambayo pia imeungwa na king'amuzi cha dishi, nasikia mvumo, na nikisogeza kipanya au nikifungua mchezo unaongezeka mkwaruzo kama wa nyigu ndani ya kopo. Tena, mara mbili tatu kwa siku sauti na picha hukwama kwa sekunde moja hivi, kisha huendelea. Muuza duka ameniambia ninunue kadi ya sauti. Fundi mwingine amesema ni pawa saplai. Nina shilingi laki mbili tu. Ninunue ipi? Na madrasa ikitaka kompyuta ya pili kwa ajili ya kurekodi, nichague vifaa gani? Nilisahau: nikigusa kasha nikiwa peku, huwa linanitekenya kidogo."

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Kadi ya sauti usiinunue, na pawa saplai usiibadilishe kwa sababu ya mvumo, ingawa nitaeleza hapo chini kwa nini ninakushauri uibadilishe kwa sababu nyingine. Kila uliyemwendea amekupa dawa moja ya kutibu yote, kwa kuwa dalili zako zote zinahusu sauti. Kwa jinsi ninavyoyasoma maelezo yako, hayo ni matatizo matatu yasiyojuana: la kwanza liko kwenye waya wa kasha, la pili liko kwenye umeme wa nyumba yako, na la tatu liko kwenye programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama wenyewe. Sentensi yako ya mwisho, ile uliyosema umeisahau, ndiyo iliyonisaidia kuliko zote.

Kabla ya kushika bisibisi, inafaa kujua sauti inapita wapi. Ndani ya kompyuta sauti ni tarakimu. Tarakimu hizo hupelekwa kwenye chipu ndogo iliyopachikwa pembezoni mwa ubao mama, ambayo kwa bao nyingi hutengenezwa na Realtek, na chipu hiyo huzigeuza kuwa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata wimbi la sauti. Kabla ya chipu, kelele za umeme wa kawaida haziwezi kuongeza mvumo wala mluzi. Tarakimu ama zimefika kwa wakati ama hazikufika. Baada ya chipu, chochote kitakachougusa umeme ule mdogo kitasikika. Ndiyo maana sauti inayokwama au kukatika hutafutwa upande wa tarakimu, yaani kwenye draiva (programu zinazoendesha vifaa), BIOS (ile programu ndogo ya ubao mama) na mipangilio ya mfumo, ilhali mvumo na mkwaruzo unaofuata mwendo wa kipanya hutafutwa upande wa nyaya na umeme. Kanuni hii ina vighairi vyake, lakini imeniokoa mara nyingi nisifungue kompyuta isiyohitaji kufunguliwa.

Tuanze na jeki ya mbele, kwa kuwa hiyo haitakugharimu hata shilingi. AC'97 ni kanuni ya sauti iliyotolewa na Intel mwaka 1997, na HD Audio ndiyo iliyoirithi mwaka 2004. Ubao wako wa B450 ni wa HD Audio. Watengenezaji wa makasha ya zamani waliweka vichwa vyote viwili kwenye waya mmoja ili kasha liingie katika nyumba zote mbili, na vichwa hivyo vina umbo lilelile: nafasi kumi za pini, ya nane ikiwa imezibwa. Kwa sababu hiyo kichwa kisicho sahihi huingia bila kulalamika. Pini zinazobeba sauti ya kulia na ya kushoto ziko mahali pamoja katika kanuni zote mbili, lakini HD Audio imeongeza pini za kuuarifu ubao kwamba kuna hedifoni iliyochomekwa, na kichwa cha AC'97 hakina habari hiyo. Ubao wako, basi, unaamini kwamba jeki ya mbele iko tupu, nao haupeleki sauti mahali patupu.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha chomeka kichwa cha HD AUDIO badala ya kile cha kwanza. Ikiwa waya haufiki, uupitishe nyuma ya ubao badala ya mbele. Usiuvute kwa nguvu, maana pini zile hupinda upesi. Angalia pia usije ukakichomeka kwenye pini za USB zilizo jirani, ambazo zinafanana sana isipokuwa pengo lake liko kwenye nafasi ya tisa. Ikiwa kichwa cha HD AUDIO kimeharibika, unaweza kukiacha cha AC'97 na kuingia katika programu ya Realtek ili kuzima utambuzi wa jeki ya mbele. Sauti itatoka, ila kompyuta haitajua tena ni lini umechomeka na ni lini umechomoa. Na ikiwa hedifoni zako ni za simu, zenye plagi ya pete tatu nyeusi, usishangae maikrofoni yake isipofanya kazi kwenye jeki ya waridi: plagi hiyo hubeba sauti na maikrofoni kwa pamoja, hivyo inahitaji kigawanyio.

Sasa mvumo, ambao ndio ulionifanya niandike jibu refu.

Ndani ya pawa saplai, mahali umeme wa ukutani unapoingilia, kuna kichujio chenye kapasita (vihifadhi umeme) mbili ndogo: moja imeungwa kati ya waya wa moto na bati la kasha, nyingine kati ya waya wa nyutro na bati hilohilo. Kazi yake ni kuzielekeza kelele za umeme kwenye waya wa ardhini, ule ambao mafundi wetu huuita athi. Athi ikiwepo, bati la kasha hukaa kwenye sifuri na wala huhisi kitu. Athi isipokuwepo, kapasita zile mbili huugawanya umeme wa volti 230 nusu kwa nusu, na bati la kompyuta yako hubaki likielea kwenye volti 115 hivi. Mkondo unaoweza kutoka hapo ni mdogo mno kuweza kumdhuru mtu mzima mwenye afya, lakini ni mkubwa wa kutosha kumtekenya mwalimu aliyesimama peku juu ya sakafu ya saruji. Kutekenywa kwako, kwa hiyo, ni karibu ushahidi wa moja kwa moja kwamba athi haiifikii kompyuta.

Mkondo huo mdogo hutafuta njia ya kwenda ardhini, na wewe umeujengea njia nzuri bila kukusudia. Unatoka kwenye bati la kompyuta, unapita kwenye ganda la waya wa sauti, unaingia kwenye amplifaya, unaendelea hadi kwenye king'amuzi, unapanda waya wa dishi, na kushuka ardhini kupitia nguzo ya chuma. Ganda lile la waya wa sauti ndilo pia njia ya kurudia ya sauti yenyewe. Amplifaya haiwezi kujua ni kipi kaswida na ni kipi uchafu, inakuza vyote. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na mvumo mzito unaousikia ni mzunguko huo pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Nyigu ndani ya kopo naye anatumia njia hiyohiyo: kila unaposogeza kipanya au mchezo unapoiamsha kadi ya michoro, matumizi ya umeme ndani ya kompyuta hupanda na kushuka kwa kasi kubwa, na msukosuko huo huvuja kupitia ganda lilelile.

Haya ni maelezo ya mtu ambaye hajafika nyumbani kwako, kwa hiyo uyapime. Punguza sauti ya amplifaya kabla ya kila hatua, na uzime vifaa kabla ya kuchomoa waya wowote wa sauti au wa dishi. Kwanza, chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye jeki ya kijani nyuma ya kompyuta, bila amplifaya. Mkwaruzo wa kipanya ukitoweka, chipu yako ya sauti haina kosa. Pili, iunge amplifaya na simu isiyochomekwa kwenye chaja, kwa waya uleule wa sauti. Kukiwa kimya, amplifaya na waya pia havina kosa. Tatu, irudishe kompyuta kwenye amplifaya na uuchomoe waya wa dishi kwenye king'amuzi. Mvumo ukishuka ghafla, umeuona kwa macho yako mduara wenyewe, yaani ile njia ya mkondo kutoka kompyuta hadi ardhini, na mtu wa duka atakuwa na kazi ngumu ya kukushawishi kuhusu kadi yake.

Tiba ya kwanza ni athi, wala si kwa ajili ya sauti tu, bali kwa usalama wa wanaoigusa kompyuta hiyo, nami nadhani wamo watoto. Soketi yenye matundu matatu haithibitishi kwamba athi ipo. Nimefungua soketi nyingi ambazo tundu la juu halikuwa limeungwa na kitu chochote, na vilevile nimekutana na ekstensheni zenye plagi nzito ya pini tatu na waya wa nyuzi mbili tu ndani yake. Anza kwa kuichomeka kompyuta ukutani bila ekstensheni. Ikiendelea kutekenya, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), aipime athi kwa kifaa, asiitazame tu kwa macho. Huko kwenu pwani hewa ya chumvi huvila viungio vya nondo ya athi mpaka waya ukabaki umeegemea chuma bila kushikana nacho. Jambo ambalo sitaki ulifanye ni lile linalopendekezwa mara kwa mara na mafundi wa redio, yaani kuikata pini ya athi ya kifaa kimoja ili mduara ukatike. Mduara hukatika kweli, lakini siku waya wa moto utakapogusa bati, fyuzi haitakuwa na sababu ya kukatika.

Athi ikishatengenezwa, kutekenya kutaisha na mvumo utapungua sana, lakini usishangae ukibaki mdogo, kwa sababu sasa utakuwa na njia mbili za ardhini, moja ya nyumba na nyingine ya nguzo ya dishi, ambazo si lazima ziwe na volti sawa. Hapo chomeka kompyuta, amplifaya na king'amuzi kwenye soketi moja, kupitia ekstensheni moja yenye athi ya kweli. Usipotosheka, nunua kitenganishi cha mvumo, kidude chenye transfoma mbili ndogo ambacho huwekwa katikati ya waya wa sauti. Hupitisha sauti kwa sumaku bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule, na ni cha bei ndogo kuliko kadi ya sauti. Kilicho rahisi kupita kiasi huila besi, kwa kuwa transfoma ndogo hushindwa na sauti nzito. Kwa kusikiliza sebuleni kinatosha, kwa kuhariri kaswida tumia hedifoni. Kama ubao wako una tundu la mraba linalotoa mwanga mwekundu, na amplifaya nayo ina mwenzake, waya wa mwanga ndio bora kuliko vyote, maana hauna chuma cha kupitisha mvumo. Na kwa vyovyote vile, iweke sauti ya Windows karibu na mwisho na upunguze kwenye amplifaya. Watu wengi hufanya kinyume, wakaikuza kelele pamoja na wimbo.

Kukwama kwa sekunde moja ni habari nyingine kabisa. Umesema kwamba picha nayo hukwama, na hilo peke yake linaiondolea lawama chipu ya sauti. Windows 11 hudai moduli ya usalama iitwayo TPM, na kwa vichakataji vya Ryzen moduli hiyo kwa kawaida ni programu iliyomo ndani ya kichakataji, iitwayo fTPM, ambayo huhifadhi kumbukumbu zake kwenye chipu ileile yenye BIOS. Mwezi Machi 2022 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walikiri kwamba katika baadhi ya kompyuta za Windows 10 na 11, mawasiliano kati ya fTPM na chipu hiyo huweza kurefuka, na yanaporefuka mfumo mzima husimama kidogo ukiyasubiri. Marekebisho yake yamo katika matoleo ya BIOS yaliyojengwa juu ya AGESA (msingi wa BIOS unaotolewa na AMD) toleo la 1.2.0.7 au la baadaye. Sikuahidi kwamba ndilo lako, lakini mwenye ubao wa B450, Ryzen 5 3600 na Windows 11, ambaye kompyuta yake husimama mara mbili tatu kwa siku, ningeanza naye hapo.

Andika neno msinfo kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, usome tarehe ya BIOS. Ikiwa ni ya kabla ya katikati ya mwaka 2022, pakua mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa ubao wako, kwa jina kamili la ubao pamoja na herufi za mwisho, kwa kuwa bao mbili zinazotofautiana kwa herufi moja hutumia BIOS tofauti. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), hifadhi kwanza ufunguo wa kuirejesha mahali palipo nje ya kompyuta hiyo. Kusasisha BIOS kunaweza kuufanya mfumo uuombe. Na kuna sharti moja ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa Ulaya hulitaja kwa herufi ndogo: umeme usikatike katikati ya kazi. Azima UPS (betri ya akiba), hata ya nusu saa. BIOS iliyokatizwa njiani huweza kuuacha ubao ukiwa maiti, na siyo kila ubao wa B450 una kitufe cha kuufufua.

Ikiwa BIOS ni mpya na bado kunakwama, pakua programu ya LatencyMon, iache ikifanya kazi wakati muziki unapiga, nayo itakuonyesha ni draiva gani inayokishikilia kichakataji kwa muda mrefu kupita wengine. Mara nyingi nimekuta ni vifaa vidogo vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB. Njia nyingine ya kuamua kati ya programu na vifaa ni kuwasha kompyuta kwa Ubuntu (mfumo mbadala wa Windows) iliyo kwenye flashi bila kuisakinisha, ukapiga muziki mchana kutwa. Ikicheza bila doa, kosa liko ndani ya Windows yako.

Nirudi kwa muuza duka. Kadi ya sauti ilikuwa na maana kubwa zamani. Sound Blaster ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Creative ya Singapore mwaka 1989, iliingia katika kompyuta ambazo zenyewe zilijua kulia mlio mmoja tu. Baadaye chipu za sauti zilihamia kwenye bao mama, na Windows Vista ilipofika mwaka 2007 iliondoa njia ambayo michezo ilitumia kuikabidhi kadi kazi ya kuchanganya sauti. Tangu hapo kadi ya ndani imebaki kuwa kigeuzi (cha tarakimu kuwa sauti) bora kidogo kilichokaa mahali pabaya, yaani ndani ya kasha lenye msukosuko wa umeme, jirani na kadi ya michoro. Katika hali yako ingekuwa imeungwa na bati lilelile linaloelea na ganda lilelile la waya, kwa hiyo mvumo ungebaki. Hata kigeuzi cha nje cha USB, ambacho nakipenda, hakikati mduara wa ardhini chenyewe, kwa kuwa waya wa USB nao una uzi wa ardhini. Kigeuzi cha USB hutibu kelele za ndani ya ubao, zile ambazo jaribio la kwanza la hedifoni lingezifichua.

Lakini wewe unarekodi, na hapo maoni yangu yanabadilika. Jeki ya waridi ya maikrofoni ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika ubao wa kawaida. Ili maikrofoni isikike hulazimu kuikuza kwa desibeli 20 au 30, na kila kelele hukuzwa nayo. Fedha zako zikibaki, zielekeze kwenye kiolesura cha sauti cha USB (kisanduku cha nje cha kuingizia maikrofoni) chenye tundu la XLR, yaani la plagi ya pini tatu za maikrofoni, na umeme wa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa, mfano wa Behringer UMC22 au Focusrite Scarlett Solo. Ukihesabu wanafunzi wanaoimba pamoja na mpigaji dufu, utatamani chenye matundu mawili. Kikishapatikana, weka bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya programu ya kurekodi kwenye sampuli, yaani vipimo vya sauti, 256. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kila sekunde huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 5 na kidogo kwa upande mmoja, ambao mwimbaji hausikii. Ukisikia mchakacho, panda hadi 512.

Kuhusu pawa saplai, fundi wako amekosea sababu ila hakukosea kifaa. Soma kibandiko chake. Usisome wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Tafuta safu ya volti 12, uzidishe volti kwa ampea. Nimeona nyingi za makasha ya zamani zinazojiita za wati 500 huku volti 12 zikiwa na ampea 18, na hizo ni wati 216 tu. Ryzen 5 3600 imepangiwa wati 65 ingawa huvuka hapo ikibanwa, GTX 1650 ya kawaida hula 75, na diski, feni na ubao huongeza zao. Unafika karibu na 200, na saplai kuukuu haipaswi kuendeshwa karibu na mwisho wake. Ukiona swichi nyekundu ya 115 na 230 mgongoni, hiyo karibu daima ni ya ubunifu wa zamani, na mtoto akiisogeza kwenye 115 utasikia mlipuko. Tafuta ya wati 450 ambayo safu yake ya volti 12 inafika ampea 36 hivi, ya jina linalojulikana, mpya na yenye dhamana. Nembo ya 80 Plus hueleza ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haielezi utulivu wa volti, kwa hiyo isikulevye. Vifaa vingine vyote unaweza kununua vya mtumba Kariakoo kwa moyo mweupe. Hiki sikushauri.

Kompyuta ya pili ya madrasa itakuwa rahisi kuliko hii, kwa sababu kurekodi sauti si kazi nzito. Saa moja ya sauti ya stirio kwa biti 24 na sampuli 48,000 hujaza takribani gigabaiti moja, na hata ukirekodi njia nane kwa pamoja ni gigabaiti nne na kidogo kwa saa. Ningechukua Ryzen 5 5600G, yenye koa (viini vya kuchakata) sita na michoro yake ndani, ili usihitaji kadi ya michoro wala feni zake. Ubao wa B550, au wa B450 ambao muuzaji amekuonyesha kwa macho kwamba BIOS yake inaitambua. Vijiti viwili vya kumbukumbu vya DDR4 vya gigabaiti 8 kila kimoja, kwa kuwa michoro ya ndani hupungua nguvu sana ikipewa kijiti kimoja. Na SSD ya gigabaiti 500. Soketi ya AM5 iliyoingia sokoni mwaka 2022 hutumia DDR5 pekee, nayo kwa kazi ya kaswida haitakupa chochote utakachokisikia. Kuhusu chipu ya sauti ya ubao usihangaike: ukiwa na kiolesura cha USB hutaitumia.

Ipo njia ya bei ndogo zaidi, na sioni haya kuipendekeza: kompyuta za ofisi za mtumba zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya, kama OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre. Chukua yenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi, kwa kuwa Windows 11 haikubali rasmi vya kabla yake. Hizo zimejengwa vizuri na ni tulivu. Kasoro yake ni kwamba pawa saplai na nyaya za mbele za nyingi kati yake hufuata maumbo ya mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo kifaa kikifa utatafuta kilekile badala ya kununua chochote kilicho sokoni. Na wala usidhani kwamba utaweza kuhamishia ubao wake kwenye kasha la kawaida baadaye.

Mgawanyo wa laki mbili zako ningeupanga hivi: leo badilisha kichwa cha waya na usasishe BIOS, bila gharama, wiki hii mlipe fundi umeme, kinachofuata ni pawa saplai, kitenganishi kinunuliwe tu ikiwa mvumo umebaki baada ya athi. Kiolesura kingojee mwezi mwingine. Kompyuta ya kurekodia, yoyote utakayoichagua, isikae ndani ya chumba cha kuimbia hata ikiwa ina feni kubwa za milimita 120 zinazozunguka polepole, kwa kuwa maikrofoni ya kondensa itazisikia. Iweke upande wa pili wa ukuta, kiolesura kikae ndani pamoja na wanafunzi, na toboa tundu la kupitishia waya mmoja wa USB usiozidi mita 5, wa kipande kimoja bila viungio.